Mishi Ndezi na Unga Mweupe wa Kicheche

Paukwa!

*Pakawa!*

Pakawa nini?

*Pakawa bonde!*

Bonde la nini?

*Bonde la miwa!*

Mwenye meno?

*Alitafuna!*

Asiye nayo?

*Alifyonza!*

Haya, mmeitikia vizuri, ila wewe Tima sauti yako sijaisikia. Toa kidole kinywani, mwanangu, uitikie kama wenzako. Sogeeni motoni, mie leo sina haraka.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wanyama walipokuwa wakiamkiana asubuhi na kuulizana hali za watoto, palikuwa na bonde la miwa. Miwa mirefu, miwa minene, miwa mitamu. Na bondeni humo waliishi ndezi. Mnamjua ndezi? Yule anayefanana na panya ila mkubwa kama paka aliyenona, anayemaliza miwa ya watu kisha akikutana nawe njiani anajifanya hakujui. Ndezi ana meno mawili mbele juu na mawili mbele chini, na meno hayo ni ya manjano. Manjano ya binzari. Si uchafu, jamani, wala si uvivu. Ndivyo Mungu alivyompa.

Bondeni kulikuwa na desturi waliyoiita kutoa shaka. Anayekupa kitu cha kutia kinywani hukitia kwanza kinywani mwake, wewe ukimwona. Akikuchotea maji, anapiga funda moja kabla hajakupa kata. Akikupakulia uji, anaonja yeye kwanza. Na hakuna aliyechukia. Ukimwambia mwenzako "Toa shaka," anatoa, anacheka, mnaendelea na mambo yenu.

Basi, alikuwepo binti mmoja, jina lake Mishi, akiishi na mama yake. Mama Mishi alikuwa na kuku watano na kinywa chekundu kwa tambuu. Tambuu asubuhi, tambuu mchana, tambuu jioni. Jani, kipande cha popoo, chokaa ya ncha ya kidole, anafunga, anatia shavuni, kazi inaendelea.

Mishi akachumbiwa na Shee, ndezi wa ng'ambo ya mto. Harusi ikapangwa Ijumaa ya wiki ya pili. Na kwa ndezi harusi haikamiliki mpaka bibi harusi amenye muwa kwa meno yake mwenyewe, mbele ya wakwe, kisha ampe bwana harusi pingili ya kwanza kwa mkono wake. Mnaona mantiki yake? Ndezi asiyeweza kumenya muwa atakula nini? Atakufa njaa akiwa katikati ya shamba.

Mishi hakuwa na wasiwasi. Kila alfajiri alikata kijiti cha mswaki kwenye mti wa nyuma ya nyumba, mti alioujua tangu mdogo. Akatafuna ncha mpaka ikafumuka, akasugua taratibu juu na chini, akasukutua kwa maji ya chumvi, akamaliza. Meno yake yalikuwa ya manjano, magumu, mazima.

Siku ya Jumatatu, mara wakasikia sauti njiani:

*Unga, unga, unga mweupe!*
*Sugua leo, ucheke kesho!*
*Unga, unga, unga mweupe!*

Kumbe ni Kicheche. Wakati huo Kicheche alikuwa mweusi mwili mzima, anang'aa, anajipenda. Begani kikapu, kikapuni unga.

"Hodi hapa!"

"Karibu," akasema Mama Mishi.

"Mama, nasikia mna harusi. Hongera sana. Na bibi harusi ndiye huyu?"

Mishi akacheka kwa haya. Kicheche akashika kichwa.

"Loo! Binti mzuri hivi, meno ya binzari! Wakwe wakija si watadhani umetoka jikoni kuonja mchuzi?"

Mishi akafunga mdomo. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumsema meno yake, na neno lile likamchoma moyoni, likakaa.

Mama Mishi akachungulia kikapuni. "Umetia nini humu?"

"Dawa ya asili, mama! Ya asili tupu! Imetoka ardhini kama muhogo."

"Vizuri. Basi toa shaka."

Kicheche akainamisha kichwa, akaweka mkono kifuani, akasema kwa sauti ya chini ya kiungwana, "Mama, leo Jumatatu. Nimefunga."

Sasa nyinyi niambieni. Mtu amekwambia amefunga sunna yake, utamwambia nini? Utamwambia fungua? Astaghfirullahi! Mama Mishi mwenyewe ndiye aliyeona haya.

"Nisamehe baba, nimekukosea."

"Hukunikosea, mama. Hujui tu."

Akampa mayai matatu, akapewa kifuko cha unga. Kicheche huyo, kashika njia.

Mishi akausugua unga ule. We! Ukawasha. Ukawasha kama pilipili kwenye kidonda. Machozi yakamtoka, mate yakamjaa, lakini akavumilia. Alipoinamia ndoo ya maji ajitazame, akaona manjano yamefifia kidogo, akacheka peke yake pale uani. Mswaki wake akautupa nyuma ya kinu.

Siku ya Alhamisi, mara tena:

*Unga, unga, unga mweupe!*
*Sugua leo, ucheke kesho!*
*Unga, unga, unga mweupe!*

Safari hii Mama Mishi alimngoja mlangoni. "Kicheche baba, mwanangu fizi zinamtoka damu."

"Hiyo si damu, mama. Huo ni uchafu wa miaka mingi, unatoka."

"Na inamwasha."

"Kuwasha huko ndiko kufanya kazi. Dawa isiyowasha ni maji."

"Hebu niambie kweli, umetia nini?"

Kicheche akatazama huku, akatazama kule, akamsogelea. "Nakwambia kwa kuwa ni wewe. Ni chokaa. Chokaa kidogo, kama ile ya tambuu."

Mama Mishi moyo ukamshuka pwaa. Akacheka mpaka meno mekundu yote yakaonekana. "Kumbe chokaa! Si ungesema toka juzi! Chokaa mie naila asubuhi, mchana na jioni, na niko hapa mzima."

"Ndiyo hivyo, mama."

"Haya, toa shaka tumalize."

"Mama, leo Alhamisi. Nimefunga."

"Ala! Nisamehe tena, baba."

Mayai matatu yakatoka, kifuko kikubwa zaidi kikaingia. Hapo ndipo alipokosea mama wa watu, na mie simlaumu sana. Mtu akikutajia kitu unachokijua, ulinzi unalala. Akasikia jina la chokaa, hakuuliza chokaa gani, imetoka wapi, na inatiwa kiasi gani.

Mishi akasugua Ijumaa. Akasugua Jumamosi. Akasugua Jumapili. Meno yakawa meupe, meupe pe, kama ukuta uliopakwa kwa ajili ya Idi. Majirani wakapita kumtazama, wengine wakasifu, wengine wakanyamaza.

Lakini Jumapili jioni Mishi alichukua muwa, akaungata. Maumivu yakampanda mpaka kisogoni. Akautoa, akajaribu upande wa pili. Maumivu yale yale. Akagusa jino la mbele la juu kwa kidole, likacheza.

Mishi akaogopa, wanangu. Akaogopa kama hajawahi kuogopa. Hakumwambia mama yake, maana mama alikuwa anashona nguo ya harusi huku anaimba. Tangu siku hiyo akawa anakunywa uji tu, akiulizwa anasema hana hamu. Na moyoni akawa anajiambia, akirudi Kicheche atanipa dawa ya kulikaza.

Sasa, kila mwari lazima awe na somo wa kumfunda. Somo wa Mishi alikuwa Bi Kobe. Aliitwa tangu Jumamosi na nyumba yake iko pale, ukitupa jiwe linafika, lakini mnamjua Bi Kobe kwa mwendo. Alifika Jumatano baada ya adhuhuri. Bi Kobe hana jino hata moja kinywani, si juu, si chini, lakini ulimi anao, na macho anayo.

Akaamkiwa, akaitikia, akapewa maji, akakaa na mwari wake chumbani.

"Mwanangu, kesho kutwa ndiyo siku. Hebu menya pingili hii nione mkono wako na meno yako."

Mishi akashika muwa. Akautazama. Akalia.

"Kulikoni?"

"Somo, jino linacheza."

"Fungua mdomo."

Mishi akafungua. Bi Kobe akachungulia, akarudi nyuma nusu hatua, na kwake yeye hiyo ni safari. Fizi nyekundu, zimevimba, zimechubuka. Meno meupe kama ya maiti.

"Nani kakufanya hivi?"

Mishi akasema yote, na mama akiwa mlangoni anasikiliza. Habari ya unga, habari ya kuwasha, habari ya mayai. Mama Mishi akashika mdomo. Kabla hajasema neno, njiani kukasikika:

*Unga, unga, unga mweupe!*
*Sugua leo, ucheke kesho!*
*Unga, unga, unga mweupe!*

Mama Mishi akakamata mwiko. Bi Kobe akamzuia. "Weka mwiko chini, shoga. Huyo niachie mie."

Wakatoka uani. Kicheche akashusha kikapu, uso umemjaa tabasamu.

"Bibi harusi, leo ndiyo ya mwisho! Hii husugui. Unaikanda kwa maji, unaibandika kwenye meno, unalala nayo mpaka asubuhi. Ijumaa hayo meno watayaona toka ng'ambo ya mto."

Mishi akarudi nyuma ya somo wake. Kulala nayo! Ile ya kusugua kidogo tu jino linacheza, na hii ya kulala nayo ingemwachia nini?

Bi Kobe akauliza, "Umetia nini?"

"Siri ya babu yangu, bibi."

"Babu yako alikufa na meno?"

Kicheche akakohoa. "Bibi, ni ya asili."

"Upupu nao ni wa asili. Umewahi kujipaka?"

Majirani waliokuwa ugani wakaanza kuguna. Kicheche akacheka kidogo, kicheko cha pembeni.

"Haya," akasema Bi Kobe, "toa shaka."

"Bibi, nimefunga."

"Leo Jumatano."

"Nalipa za Ramadhani."

Bi Kobe akamtazama. Mnajua alichokuwa anakijua? Mchana ule ule, akiwa njiani na mwendo wake, alimpita Kicheche chini ya mkorosho anabwia mayai. Moja, mawili, matatu, na ganda analamba. Na hadi sasa kiini cha yai kilikuwa kimemkaukia kwenye sharubu! Lakini Bi Kobe ni mtu mzima. Hawezi kusimama mbele ya watu akamwambia mtu hukufunga. Funga ni ya mtu na Mola wake. Basi akafanya nini?

Akapiga makofi. "Mashaallah! Amefunga juani na mzigo begani! Mama Mishi, mgeni wetu leo anafuturu hapa. Chukua mkeka!"

Loo, jamani! Mkeka ukatandikwa. Nani anaweza kukataa futari mbele ya watu wote? Kicheche akakaa, ila akakaa upande.

Kidogo akainuka. "Bibi, naomba ruhusa. Safari yangu ndefu."

"Ukifuturu njiani utafuturu nini, vumbi? Kaa."

Akakaa. Kidogo akainuka. "Bibi, nimeacha watoto nyumbani."

"Chakula chao tutakufungia. Kaa."

Akakaa. Kidogo akainuka. "Bibi, tumbo linaniuma."

"Njaa hiyo, baba. Umefunga. Kaa."

Akakaa. Harufu ya mihogo ya nazi ikaanza kutoka jikoni. Majirani wakaongezeka, kila mmoja anampa pole kwa funga yake, kila mmoja anamwombea ikubaliwe. Kicheche anaitikia amina, jasho linamtoka.

Jua likashuka. Likagusa miwa, likaingia ndani ya miwa, likazama. Tetere akaita juu ya mti, na tetere akiita bondeni, waliofunga hufungua.

Mama Mishi akaleta sinia. Kulikuwa na uji, mihogo, tende na kata ya maji. Na katikati ya sinia kikombe cha unga mweupe, umekandwa vizuri, na kijiti kando yake.

"Bismillahi, baba," akasema Bi Kobe. "Sasa toa shaka."

"Bibi, mtu hafuturu kwa unga wa meno. Anafuturu kwa tende."

"Kweli kabisa. Kula tende."

Akala tende.

"Kunywa maji."

Akanywa maji.

"Sasa kinywa kimefunguka. Toa shaka."

Kicheche akatazama kikombe. Akatazama watu. Watu wanamtazama yeye. Akachovya kijiti, akakiinua, akakileta mpaka karibu na mdomo. Akakirudisha. Akakiinua tena, akakirudisha tena. Mara ya tatu kijiti kikamponyoka, kikaanguka mkekani.

"Siwezi!" akapiga kelele. "Hii si ya kinywa!"

"Ni ya nini?"

"Ya kuta! Ni chokaa ya tanuri! Niliichota kwenye mabaki ya waliopaka nyumba!"

Uga mzima ukalipuka. Mama Mishi akarukia mwiko wake, na safari hii hakuna aliyemzuia. Kicheche akanyakua kikapu akitupe begani akimbie, akajikwaa kwenye sinia, kata ikaruka, maji yakamwagika mgongoni, na unga wote wa kikapuni ukamfuata pale pale penye maji. Chssss! Moshi, wallahi, mgongo ukafuka moshi! Kicheche akalia yowe, akapita katikati ya miwa, akajitosa mtoni. Na kwa woga akaachia harufu ambayo sitaisimulia, maana bado hamjala.

Chokaa ilikuwa imekwisha kumshika. Mpaka leo mgongoni ana michirizi myeupe, na akishtuka kidogo tu, harufu ile ile.

Uani, Mama Mishi alikaa chini kwenye vumbi. "Nimekosa mie. Aliposema chokaa, nilidhani ni ile ile."

"Ya tambuu unatia ya ncha ya kidole, shoga, na imeshakaa majini imepoa," akasema Bi Kobe. "Hii bado ina moto wake, na mtoto kaisugua siku baada ya siku. Na hata hiyo ya tambuu, hebu zitazame fizi zako mwenyewe. Lakini hayo yana siku yake."

Mishi alikuwa analia. "Somo, nilitaka nipendeze tu."

"Najua, mwanangu. Hakuna kosa kutaka kupendeza."

"Jino litatoka?"

Bi Kobe akaligusa kwa upole, akalisikiliza, huku Mama Mishi akiomba dua. Kisha akasema, "Shina limeshika bado. Tukiliacha lipumzike, halitoki."

Mama Mishi akalia upya, sasa kwa furaha.

Bi Kobe akaagiza maji ya uvuguvugu na chumvi kidogo. Akapiga funda yeye kwanza, akasukutua, akatema. Akaagiza kijiti kibichi kwenye mti ule ule wa nyuma ya nyumba, kilicho laini. Akakitia kinywani, kinywa kisicho na jino hata moja, akakifyonza kwa fizi zake, mashavu yameingia ndani, macho ameyafumba, mwenyewe hana habari. Mishi akamtazama somo wake anavyotoa shaka, kicheko kikamtoka katikati ya machozi. Tangu Jumapili alikuwa hajacheka.

Alhamisi asubuhi, damu ikakata. Alhamisi jioni, uvimbe ukashuka. Ijumaa asubuhi Mishi akaligusa jino kwa kidole, akangoja licheze. Halikucheza. Akaligusa tena. Halikucheza! Akakimbia mpaka kwa mama yake hajavaa hata viatu vya harusi.

Wakwe wakaja kwa ngoma. Shee mbele, mama yake nyuma, ndugu na jamaa, na kila mmoja akicheka meno ya manjano, mazuri, ya binzari. Mishi alipowaona akainama. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba Shee mwenyewe ana meno ya manjano, na siku zote alikuwa akiyapenda.

Mama Shee akamfunua uso bibi harusi. Mishi akatabasamu. Mama Shee akaweka mkono kifuani.

"Mwanangu! Unaumwa?"

Ngoma ikanyamaza. Mama Mishi akafumba macho. Mishi angeweza kudanganya, lakini hakudanganya.

"Mama, alinijia Kicheche na unga. Aliniambia meno yangu mabaya, nikamsikiliza. Kidogo jino lingetoka."

Mama Shee akasogea karibu. Akauinua mdomo wa Mishi kwa kidole, akatazama fizi, akatazama jino, akatazama shinani kabisa. Watu wote wakanyoosha shingo.

"Huku chini," akasema, "huku shinani, manjano yanarudi. Nayaona."

Vigelegele! Kila mtu anataka kuchungulia, Shee anasukumwa huku na huku kwenye harusi yake mwenyewe. Lakini Mama Shee alikuwa hajamaliza. Akamvuta Mishi pembeni, akafungua kinywa chake. Mbele juu palikuwa na jino moja. Palipokuwa na la pili palikuwa na pengo.

"Mimi nilipokuwa mwari," akasema taratibu, "alinijia huyo huyo, au baba yake, sijui. Mimi sikuwa na wa kumwambia atoe shaka. Miaka yote hii nakatiwa muwa kwa kisu, vipande vidogo vidogo kama mtoto. Nilikuja hapa leo naomba Mungu tu nisikukute kama mimi."

Mishi akamshika mikono.

Muwa ukaletwa. Mishi akaushika, akaungata kwa upole, upande wa jino zima kwanza, ganda likachanika likashuka mpaka chini. Pingili ya kwanza ikatoka, nyeupe, inadondosha maji. Shee akanyoosha mkono kupokea, kama desturi inavyotaka.

Mishi akampita. Akaitafuna ncha kidogo mpaka ikalainika, akaenda mpaka kwa mama mkwe wake, akampa yeye.

Na Mama Shee akaipokea, akaifyonza mbele za watu wote.

Ngano yangu imefika kwenye fundo la mwisho la muwa. Maji yake mmenywa nyinyi, makapi nirudishieni mie. Funzo lake ni hili: kitu cha kutia kinywani, ulizeni kimetiwa nini, na msione haya kuuliza mara tatu. Mkiambiwa ni cha asili, ulizeni asili ya nini, na kiasi gani. Na anayekwambia ulivyoumbwa una kasoro huku mkononi ameshika kifuko cha kukuuzia, mtazameni vizuri sharubu zake.

Mie msiniulize kwa nini nimebaki na meno manne. Hayo manne kila moja nimelipa jina, na usiku kabla sijalala nayaita, nayo yanaitika.